Sura ya Nne: Fundi wa Bunduki

Ukiteremka kutoka miinuko ya Embu kuelekea Ishiara, majani chai hukoma kwanza, kisha migomba hupungua, na joto huanza kukukaba. Hapa ni Mbeere Kaskazini, nchi ya ndengu, mtama, maembe, mbuzi na muguka. Ng'ambo ya mto Thuci ni Tharaka-Nithi. Msafiri anayepitia hapa kwenda Meru huona soko, maduka na bodaboda zinazosubiri abiria, akaendelea na safari yake. Asichokiona ni kwamba skimu ya unyunyizaji maji ya Ishiara ina historia ambayo televisheni yetu ingeweza kuisimulia mwaka mzima isiishiwe.

Skimu hiyo ilianza katika miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni tarehe 20 Oktoba 1952. Serikali ilikuwa na mpango wa kuendeleza ardhi za Waafrika, ukijulikana kwa kifupi kama ALDEV, ulioanzishwa mwaka 1946. Vita vya Mau Mau vilipopamba moto, serikali hiyo ilijikuta ina maelfu ya watu vizuizini, na ikaamua kuwatumia kama nguvukazi ya bei rahisi. Mwea, Hola, Perkerra, Yatta na Ishiara: majina haya matano huandikwa pamoja katika historia ya kilimo cha umwagiliaji nchini Kenya kwa sababu ni skimu zilizojengwa kwa jasho la mahabusu.

Vichekesho vya televisheni kama Vioja Mahakamani na Vitimbi vilitufundisha Wakenya kukaa mbele ya televisheni wiki baada ya wiki tukiwafuata wahusika tuliowajua kama jirani zetu. Bado sijaona tamthilia iliyompa mahabusu wa Ishiara jina, mke, deni alilolikimbia, wimbo wa kuchimbia. Waigizaji tunao. Kamera tunazo, na vijana wanaojua kuzitumia wako hadi Siakago. Tunachokosa ni mazoea ya kuiunda timu inayofaa kazi ya kihistoria, na zaidi ya hapo mazoea ya kuilipa. Kwa hiyo nataka tuzitazame timu chache zilizoiweza kazi hii, tuanzie mbali kisha turudi nyumbani, na katika kila moja tuulize swali lilelile: nani alikuwa anajua mambo yalivyokuwa, na aliitwa lini?

Wajapani wameifanya kazi hii kuwa desturi ya kila mwaka. Tangu 1963, shirika lao la utangazaji la umma, NHK, limekuwa likitoa tamthilia kubwa ya kihistoria inayochukua karibu mwaka mzima, siku hizi kila Jumapili saa mbili usiku, kipindi kimoja kikiwa na dakika 45 hivi. Ya kwanza, Hana no Shōgai, ilimhusu Ii Naosuke, waziri mkuu wa utawala wa shogun aliyeuawa mwaka 1860. Mwaka 1987 tamthilia ya Date Masamune, bwana wa kivita mwenye jicho moja, ilitazamwa kwa wastani wa asilimia 39.7 ya nyumba zilizopimwa. Hiyo ni nchi nzima, babu na mjukuu, wakibishana Jumatatu asubuhi juu ya mtu aliyekufa karibu karne nne zilizopita.

Mpangilio wa watu wao ndio unaonivutia. Kwa kawaida mwandishi mmoja hubeba hadithi yote ya mwaka, na waongozaji kadhaa hupokezana vipindi, kila mmoja akichukua vyake. Katika filamu mwongozaji ndiye mwenye mji. Huku mwenye mji ni mwandishi, na waongozaji hupita. Pembeni ya mwandishi yupo msomi wa historia anayesoma muswada kabla haujafika kwa waigizaji, na kazi yake ni kusema hapana. Hapana, wakati huo mwanamke wa daraja hilo hakuingia chumbani kwa mlango huo. Hapana, chakula hicho hakikuwa kimefika nchini. Yupo mwalimu wa lahaja, kwa sababu mtu wa Tosa hakusema kama mtu wa Kyoto. Yupo mwalimu wa mienendo anayefundisha kukaa, kuinama, kubeba upanga, kufungua mlango wa karatasi. Majina yao hupita kwenye utangulizi wa kila kipindi, mbele ya macho ya taifa, pamoja na ya waigizaji nyota.

Mwaka 2024 NHK ilionyesha Hikaru Kimi e, hadithi ya Murasaki Shikibu, mwanamke aliyeandika riwaya maarufu kuliko zote za Japani miaka elfu moja iliyopita. Mwandishi alikuwa Ōishi Shizuka, na mwigizaji mkuu Yoshitaka Yuriko. Yoshitaka hutumia mkono wa kushoto. Alijifunza kuandika kwa brashi kwa mkono wa kulia, maandishi ya kale yanayotiririka kama maji, ili kamera iweze kuuonyesha mkono wake mwenyewe. Mtu mwingine angeweza kuandika na kamera ikaonyesha vidole tu. Waliamua kwamba mwandishi anayeandika ndiye moyo wa hadithi, na hawakuwa tayari kuuazima.

Mfano wa Kijapani ninaoupenda zaidi hauna panga wala mabwana. Mwaka 1983 Hashida Sugako aliandika Oshin, tamthilia ya vipindi 297 vya dakika 15, iliyorushwa na NHK kila asubuhi kwa mwaka mmoja. Oshin ni binti wa wakulima wapangaji wa Yamagata, aliyezaliwa 1901 na kupelekwa utumishi akiwa na miaka saba ili nyumba yao ipate mchele. Hakuna Oshin aliyeishi kwa jina hilo, lakini wanawake wa aina yake walikuwa maelfu, na Hashida alichota kutoka kwa maelezo waliyoyaandika wanawake waliozaliwa enzi za Meiji kuhusu maisha yao wenyewe. Wastani wa watazamaji ulifika asilimia 52.6, na nchi zaidi ya 60 zikaionyesha. Wanawake wazee walioandika barua walikuwa sehemu ya timu ile hata kama hawakuwahi kuiona studio. Hashida alijua kuwasikiliza, na hicho ndicho kipaji chake ninachokihusudu.

Nitapita kwa ufupi kwenye Shōgun, tamthilia ya vipindi 10 ya kampuni ya Marekani FX iliyotoka Februari 2024 na kunyakua tuzo 18 za Emmy kwa msimu mmoja. Iliongozwa kiuandishi na mume na mke, Justin Marks na Rachel Kondo, ikapigwa picha Kanada, na mwigizaji mkuu, Sanada Hiroyuki, alikuwa pia mtayarishaji. Sanada alisisitiza wataalamu wa mavazi, nywele na mienendo waletwe kutoka Japani. Mwanahistoria Frederik Cryns wa Kyoto alikuwa mshauri. Jambo la kuigwa hapo ni njia ya maneno. Muswada uliandikwa kwa Kiingereza, ukatafsiriwa Tokyo kwa Kijapani cha leo, kisha ukakabidhiwa mwandishi wa tamthilia za jukwaani, Moriwaki Kyoko, akaugeuza kuwa Kijapani chenye ladha ya karne ya kumi na saba. Hatua tatu kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Kampuni ya kigeni ililipia hatua hizo zote kwa sababu mtu alisimama akasema kwamba bila hivyo watu wa hadithi wangekuwa wageni katika nchi yao.

Sasa turudi kwetu. Tunayo mifano, na mmojawapo sioni aibu kuuweka kando ya kazi yoyote ya Tokyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, walimu wawili wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, waliazimia kuandika tamthilia juu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. Mugo alikuwa mzaliwa wa Baricho, Kirinyaga, mwaka 1942, kwa hiyo hali ya hatari ilimkuta mtoto wa karibu miaka kumi. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri na kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Vitabu vilivyokuwapo vilimchora kama muuaji aliyerukwa na akili. Ngũgĩ na Mugo wangeweza kukaa maktaba wakajibizana na vitabu hivyo. Walifunga safari hadi Karunaini, kijijini kwa Kimathi, wakazungumza na watu waliomjua, na mmoja wao alikuwa mwanamke aliyewahi kufundishwa naye darasani. Mwalimu Kimathi aliyekumbukwa na mwanafunzi wake alikuwa mtu mwenye uchangamfu na upendo kwa watu. Mtu huyo ndiye aliyeingia katika tamthilia.

Waliamua pia kutoinakili kesi ya Nyeri ilivyoendeshwa. Mahakama katika tamthilia yao ni mahali ambapo historia nzima ya Mwafrika inasimama kizimbani, kuanzia utumwa. Wapo wanaolaumu uamuzi huo. Mimi nauona halali, kwa kuwa waandishi walitangaza wazi walichokuwa wanakifanya. Kumbukumbu za kesi yenyewe, zilizodhaniwa zimepotea, zilichapishwa mwaka 2017 katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur, na Ngũgĩ na Mugo wakaandika maneno ya utangulizi ndani yake. Miaka 40 baada ya tamthilia, waraka na ubunifu vilikutana katika jalada moja, na kimoja hakikukifukuza kingine.

Kazi ilipokamilika mwaka 1976, ilichaguliwa pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga kuiwakilisha Kenya kwenye tamasha kuu la sanaa za watu weusi, FESTAC, Lagos, mwanzoni mwa 1977. Seth Adagala aliiongoza. Kabla ya Lagos ilibidi ionyeshwe Nairobi, na hapo ndipo timu ilipokutana na ukuta. Jumba la Taifa la Maonyesho lilikuwa limefunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya kutangazwa hali ya hatari, na mwaka 1976 usimamizi wake bado ulitawaliwa na ladha ya walowezi. Tamthilia mbili za Kenya zilipewa siku nane tu kugawana, kwa kuwa kulikuwa na mchezo wa kuchekesha wa Kiingereza na dansi ya kutoka Ufaransa vilivyotengewa nafasi. Onyesho la kwanza la Kimathi lilikuwa tarehe 20 Oktoba 1976. Ukumbi ulijaa, jamaa wa Kimathi walifika, na wimbo wa mwisho ulipoanza watazamaji waliinuka wakaungana na waigizaji, wakatoka nje wakiimba hadi barabarani, mbele ya hoteli ya Norfolk. Mwaka 1978 kitabu kikatoka kwa Kiswahili, Mzalendo Kimathi.

Uzuri wa timu hiyo ulikuwa katika ujasiri na utafiti. Hata hivyo bado ilikuwa timu ya chuo kikuu, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiingereza. Mwaka uliofuata, kilomita chache kutoka Nairobi, kijiji cha Kamiriithu huko Limuru kilikwenda mbali zaidi.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika rasimu ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, na Kimani Gecau akaiongoza. Hadithi yake ni ya wakati wa uhuru, juu ya ardhi, kiwanda na tajiri mpya, lakini kila mhusika mzima ndani yake amebeba Mau Mau mgongoni. Rasimu iliposomwa mbele ya wanakijiji, wanakijiji waliikosoa. Wazee walisema mzee haongei hivi. Wafanyakazi wa viwandani walirekebisha habari za mishahara na za maisha ya kiwandani, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiyaishi. Mazoezi yalifanyika hadharani, kila apitaye akaruhusiwa kusema. Mwongozaji wa mjini angeona huo ni usumbufu. Mimi nauona ni ule ule usomaji wa muswada unaofanywa na msomi wa NHK, ila hapa msomi alikuwa kijiji kizima.

Kuna mambo mawili kutoka Kamiriithu ambayo kila mtu anayefikiria kutengeneza tamthilia ya kihistoria Afrika Mashariki anapaswa kuyajua. La kwanza ni sehemu ya gĩtiiro, ngoma ya majibizano ya wanawake katika harusi. Waandishi walihitaji maneno na mpangilio wake sahihi. Walivipata kwa mama mzee wa kijijini asiyejua kusoma wala kuandika, aliyewapa sehemu hiyo neno kwa neno. Alikuwa, kwa kazi aliyoifanya, mwandishi mwenza.

La pili ni bunduki. Tamthilia ilihitaji silaha za kuigizia. Katika Kamiriithu alikuwapo mtu ambaye wakati wa vita alikuwa akitengeneza bunduki za kweli kwa ajili ya wapiganaji wa Mau Mau msituni. Ndiye aliyetengeneza bunduki za maigizo. Fikiria maana yake kwa kijana wa miaka ishirini anayekabidhiwa silaha hiyo jukwaani. Anaweza kumuuliza fundi: mlitoa wapi bomba? Ilikuwa ikilipuka mkononi? Uliificha wapi askari walipokuja? Kila jibu linabadilisha namna anavyoishika. Hakuna idara ya vifaa, hata iwe ya Hollywood, inayoweza kununua kitu kama hicho, na mwaka 1977 kilipatikana kijijini kwa kuuliza tu.

Ngaahika Ndeenda ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Serikali iliizuia katikati ya Novemba, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa akawekwa kizuizini Kamiti. Mugo alikimbilia uhamishoni mwaka 1982 na kufariki Marekani Juni 2023. Ngũgĩ alifariki hukohuko Mei 2025. Timu bora tuliyowahi kuwa nayo ilitawanywa na dola yetu wenyewe, na sehemu kubwa ya umaskini wa tamthilia zetu za kihistoria inaanzia hapo. Mtayarishaji wa televisheni aliyeshuhudia yaliyowapata watu wa Kamiriithu hakuhitaji kuambiwa mara mbili aandike vichekesho.

Zanzibar imetuonyesha kwamba kazi inaweza kuanza upya. Amil Shivji alichukua Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, akaifanya filamu iliyotoka 2021. Inasimulia miaka ya 1950 Unguja: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mzee, anakimbia ndoa na kujikuta katika mapenzi na harakati za Denge, kijana anayepinga ukoloni. Muswada aliuandika pamoja na Jenan Moazeni, na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, yumo miongoni mwa waigizaji. Ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, mara ya kwanza tangu 2001. Timu hiyo ilikuwa na bahati moja kubwa: mwandishi wa riwaya ni mtoto wa Zanzibar aliyezaliwa 1940. Aliijua Unguja ile kwa miguu yake. Utafiti ulikuwa umeshafanywa na maisha.

Tamthilia ya Ishiara haina riwaya ya kuanzia. Ina vitu vingine, na ni vingi kuliko watu wanavyodhani.

Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alizunguka Embu na Mbeere akiwahoji wazee, na mwaka 1973 akachapisha The Living History of Embu and Mbeere to 1906. Mwaka uliofuata yakatoka mahojiano yenyewe katika Embu Historical Texts. Mwaka 1906 ndio mwaka majeshi ya Waingereza yalipoivamia na kuishinda Embu, na wazee aliowahoji walizikumbuka siku hizo au walilelewa na walioziona. Mtunzi wa tamthilia akifungua kurasa hizo atakuta sauti, majina, majigambo ya kivita, ugomvi wa mipaka, njaa. Haya ndiyo maelezo ambayo Hashida aliyapata kwa barua. Sisi tunayo yamechapwa zaidi ya miaka 50, na yamelala.

Anayetaka kurudi nyuma zaidi ana Igambang'ombe, ng'ambo tu ya Thuci kutoka Ishiara. Godfrey Muriuki, katika historia yake ya Wakikuyu iliyochapishwa 1974, alionyesha kwamba mapokeo ya jamii kadhaa za mashariki na kusini mwa Mlima Kenya yanapataja mahali hapo kama kituo ambapo watu walianzia kutawanyika. Wameru nao wana simulizi ya Mbwaa, kisiwa walichoishi chini ya watu wa nguo nyekundu waliowapa kazi zisizowezekana: tengenezeni mkuki unaofika mbinguni, leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wakatoroka usiku kuvuka maji. Jeffrey Fadiman, aliyekusanya simulizi hizo na kuzichapa 1993, aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Wengine wanashuku kwamba Biblia ya wamisionari imejipenyeza katika hadithi hiyo. Mwandishi wa televisheni hatakiwi kuumaliza mjadala huo. Anatakiwa kuujua, na awe na mtu wa kumpigia simu usiku anapoandika tukio la kuvuka maji.

Lakini mimi ningeanza na mahabusu, na ningewataka watu wa Mwea na Hola katika timu hiyohiyo, maana kazi ilikuwa moja. Hola, tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 waliuawa kwa kipigo walipolazimishwa kufanya kazi, na taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikunywa maji wakafa. Mwandishi anayejua jambo hilo hawezi tena kuandika mandhari ya mtu kushika jembe kizuizini kana kwamba ni kilimo. Nyaraka zipo: katika Hifadhi ya Taifa Nairobi, na katika mafaili ambayo Uingereza ilikiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa imeyaficha katika jengo la serikali la Hanslope Park. Ni mafaili hayo yaliyosaidia kesi ya wazee wa Mau Mau, na Juni 2013 Uingereza ikakubali malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya watu 5,228. Nyuma ya kila mmoja wa watu hao 5,228 kuna maelezo yaliyoandikwa na mawakili. Sijui nchi nyingine yenye hazina ya aina hiyo ambayo haijaigusa kwa ajili ya televisheni yake.

Timu hiyo ingehitaji moyo wa kusema mambo mazito. Kulikuwa na homgadi pia, Waafrika waliopigana upande wa serikali ya kikoloni, na wajukuu wao wanauza na kununua katika soko moja na wajukuu wa mahabusu. Kulikuwa na Baimungi, kiongozi wa msituni kutoka Meru, aliyeuawa Januari 1965, zaidi ya mwaka mmoja baada ya bendera ya uhuru kupandishwa. Tamthilia inayoishia siku ya uhuru kwa nderemo itakuwa imewaacha watu hawa nje. Mwandishi aonyeshe homgadi akila na watoto wake, aonyeshe na sababu iliyompeleka huko, iwe woga, shamba au kisasi cha zamani. Kazi hiyo ni ngumu na ndiyo inayomtenganisha mtunzi wa historia na mtunzi wa hotuba.

Na lugha. Mbeere ina Kimbeere chake. Kiembu kiko juu mlimani, Kitharaka ng'ambo ya mto, Kikamba upande wa pili wa Tana, na kizuizini kulikuwa na Kikuyu na Kiswahili cha amri. Ukiwapa watu wote hao Kiswahili sanifu cha darasani, kambi nzima itakuwa shule ya upili. Ningeandika muswada kwa Kiswahili, nikaukabidhi kwa wazee wa kila upande wauseme kwa kinywa chao, kisha mwigizaji aupokee kutoka kwao na maandishi ya tafsiri yapite chini ya picha. Ndiyo njia ya Shōgun, na kwetu ni rahisi zaidi, kwa sababu wasemaji wenyewe bado wako hai.

Fedha hutajwa kila mara kama kikwazo, na ni kweli kwamba NHK hulipwa ada na nyumba zenye televisheni. Lakini miji ya Japani hushindana kuiomba NHK ipige tamthilia inayomhusu shujaa wao, kwa kuwa inajua wageni watakuja. Mkoa wa Kochi ulifanya maonyesho makubwa ya shujaa wake, Sakamoto Ryōma, mwaka 2010, tamthilia yake ilipokuwa hewani. Embu, Tharaka-Nithi na Meru ni kaunti zenye idara za utamaduni na utalii. Kaunti tatu zinaweza kugharimia miezi sita ya utafiti, kazi ya bei nafuu kuliko kupiga picha na yenye faida hata kama kamera haitawashwa.

Kinachobana ni muda. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955, umri wa kushika jembe kizuizini, alitimiza miaka 90 mwaka 2025. Aliyekuwa mtoto wa kupeleka uji kambini ana zaidi ya 75. Kwa hiyo ninakuomba wewe msomaji wa Ishiara, Siakago, Chuka au Mwea: kama nyumbani kwenu yuko mzee wa umri huo, kaa naye wiki hii, washa kinasa sauti cha simu, anza na jina lake kamili na la baba yake, kisha muulize walikula nini, walilala wapi, waliimba nini, nani aliwapiga na nani aliwaficha. Andika tarehe na mahali. Weka nakala mbili, moja ipeleke maktaba. Na wewe mtayarishaji unayepanga bajeti ya tamthilia, mzee huyo muite kabla hujamwita mwigizaji, mlipe kama unavyomlipa fundi wa taa, na jina lake liandike mwanzoni mwa kipindi.